Mashine ya Gari Ndani ya Mashua



Tangu kumalizika mavuno ofisi yetu imepokea maombi manne ya mkopo ambayo si ya palilia, wala si ya majamvi, wala si ya ujira wa wachumaji. Ni maombi ya mashine. Wanachama wetu wakaao visiwani na pwani, ambao karafuu zao hapana budi zivuke maji kabla ya kufika kwenye mizani, wataka kununua mashine za magari yaliyokwisha barabarani na kuzitia katika mashua zao, mahali pa mashine za bahari zilizokufa. Sababu yao ni ya wazi. Mashine mpya ya bahari bei yake yampita mkulima, na mashine ya gari lililogongwa hupatikana kwa urahisi, na vipuri vyake vyauzwa kila duka. Halmashauri imetutaka tulieleze jambo hili katika jarida letu kabla maombi hayo hayajakatiwa shauri.

Yafaa tuanze na yaliyotupata wenyewe. Miaka mitatu iliyopita chama kiliwakopesha washirika watatu fedha za kazi kama hii hii. Karatasi za mkopo ule tuliziandika sisi kwa mkono wetu. Tuliuliza shamba la dhamana liko wapi na lina mikarafuu mingapi. Hatukuuliza mashine ile itapozwa na nini.

Mashine ilikuwa ya dizeli, imetoka katika gari la abiria lililopinduka, na yenyewe haikuwa na kosa. Aliyeitia mashuani alikuwa fundi wa magari, hodari wa kazi yake. Alitoa rediyeta, akatoboa chombo, akavuta mpira kutoka baharini hadi kwenye mashine, basi maji ya chumvi yakawa yapita ndani ya chuma na kumwagwa nje upande wa pili. Miezi minane mashua ile ilikwenda vizuri, hata watu wakaisifu, na maombi mengine mawili yakaletwa kwa mfano wake. Mwezi wa tisa, ikirudi kutoka Mkokotoni na mchele na saruji, usiku, kusi limekaza, mashine ikapata moto na kuzima katikati ya mkondo. Walipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta yalikuwa yamegeuka rangi kama chai ya maziwa. Bahari ilikuwa imekwisha kuila mashine kwa ndani, ikatoboa njia mpaka kwenye mafuta.

Wanachama wote wajua mkondo ule wavutia wapi wakati wa kusi. Chombo kisichokuwa na nguvu hupelekwa kaskazini, na kikiikosa Pemba mbele yake ni bahari tu. Kilichowaokoa ni kuwa nahodha wao, mzee wa makamo ya baba yetu, alikataa tangu mwanzo kuuacha mlingoti na tanga nchi kavu, ijapokuwa washirika walimcheka na kusema vyapoteza nafasi ya mzigo. Walitweka, wakaingia Mkoani kesho yake baada ya jua kutoka. Saruji iliharibika yote. Mkopo haujamalizwa kulipwa hata leo.

Juma lile lile mzee yule alikuja ofisini, akakaa kitako, akasema, "Bwana Katibu, mwanangu, nyinyi mmesoma. Mlipotoa fedha mliuliza maji ya chumvi yatafanya nini ndani ya chuma?" Tukamjibu, "Hatukuuliza, mzee wangu." Makala haya ni kuuliza baada ya kuchelewa.

Wala si kweli kuwa mashine ya gari haifai baharini. Waliosema hivyo katika mkutano wa mwaka walikosea sawa na waliosema kuwa kila mashine ni mashine. Mashine nyingi za bahari zisifiwazo asili yake ni barabarani. Vile vyombo vya kushushia askari pwani vya Higgins, vilivyotumiwa katika kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944, vingi vyao vilikwenda kwa dizeli ya nguvu za farasi 225 ya General Motors, ya jamii ile ile iliyoendesha malori na mabasi ya Marekani. Dizeli za silinda 6 zilizoundwa na Ford ya Uingereza kwa ajili ya malori zilichukuliwa na kampuni ya Lehman ya Marekani, zikavikwa vyombo vya baharini, na maboti yaliyotiwa mashine hizo miaka ya 1960 na 1970 mengine yaenda mpaka leo. Huko Thailand, katika mito na mifereji ya Bangkok, maboti membamba yaitwayo ya mkia mrefu huendeshwa kwa mashine za magari na malori zilizokwisha kutumika, zimeegeshwa tezini juu ya egemeo ligeukalo, na shafti ndefu yatoka moja kwa moja hadi rafadha.

Lakini tazameni neno tulilotumia: zikavikwa. Lehman hakuchukua mashine ya lori akaitupa ndani ya chombo. Alibadilisha namna ya kuipoza, namna ya kutoa moshi, na namna ya kushika shafti. Chuma kile cha katikati, chenye pistoni na silinda, ndicho kilichobaki cha lori. Na mkulima wetu anaponunua mashine ya gari bovu, hicho cha katikati ndicho anunuacho. Yaliyobaki bado hayajanunuliwa.

Tuanze na kupoza, maana ndiko mashine nyingi zifiako. Mashine ya gari hupozwa kwa maji yazungukayo ndani yake kisha yakaenda kwenye rediyeta, na upepo wa mwendo ukayatoa joto. Ndani ya mashua, chini ya sitaha, upepo huo haupo. Basi watu husema: tumezungukwa na maji, twataka nini tena? Wakafanya kama alivyofanya fundi wetu. Maji ya bahari yakipita katika chuma cha kawaida huleta kutu, na kutu hufanya magamba, na magamba huziba njia nyembamba zilizo karibu na mahali pa moto mwingi. Juu ya hayo, maji ya bahari yakipashwa moto kupita kiasi cha digrii 60 huacha chumvi na chokaa ukutani, kama sufuria ya maji ya kisima. Mashine ya gari hupenda kufanya kazi kwenye digrii 80 hadi 90. Kwa hivyo mwenye kuipoza kwa bahari moja kwa moja hana njia njema. Akiiacha ipate joto lake, itaziba. Akiiweka baridi, dizeli haiungui sawasawa, na mafuta ya mashine yachafuka upesi na kuila.

Njia iliyo sawa ni kuyaacha maji matamu yazunguke ndani ya mashine kama yalivyozoea, yametiwa ile dawa ya rediyeta izuiayo kutu, na kuyapoza maji hayo kwa maji ya bahari bila ya kuyachanganya. Kwa hili kuna njia mbili. Ya kwanza ni kipozeo, nacho ni mtungi wa madini ambao ndani yake mna vijibomba vingi vyembamba. Bahari hupita ndani ya vijibomba, maji matamu hupita nje yake, na joto huvuka ukuta. Ya pili ni kuyatoa maji matamu nje ya chombo katika bomba la shaba lilazwalo kando ya mkuku, chini ya maji, kisha yakarejea ndani. Baadhi ya wale wa Bangkok hutumia bomba lizamalo majini namna hii. Njia hii ya pili ni rahisi na haina pampu ya pili, na tungeisifu sana kama pwani yetu ingekuwa na kina. Lakini mashua zetu maji yakipwa hukaa juu ya mchanga na mawe. Bomba lililolazwa bila ya kufichwa ndani ya mbao za ulinzi pande zote mbili litapondwa katika bamvua la kwanza.

Anayechagua kipozeo hana budi kutia pampu ya maji ya bahari, na pampu hizo nyingi zina kipepeo cha mpira ndani yake. Kipepeo hicho hulainishwa na maji yenyewe. Kikizunguka kikavu dakika chache tu kimekwisha. Basi mbele ya pampu tieni chujio, tena kubwa, na mahali ambapo mkono wafika, kwani maji yetu ya pwani yana mchanga na majani, na siku hizi yana mabaki ya mwani na kamba za wakulima wa mwani pia. Kipepeo cha akiba kiwe ndani ya chombo kila safari. Bei yake ni ndogo kuliko gunia la mchele.

Neno moja kwa mafundi wetu wa magari. Kile kizibo kidogo kifungukacho kwa joto, kinachozuia maji mpaka mashine ipate moto wake, mmezoea kukitoa na kukitupa. Msifanye hivyo katika mashine ya chombo. Maji ya bahari hupoza kwa nguvu mno, na mashine itakaa baridi siku zote.

Jambo la pili ni moshi. Bomba la moshi la gari likitoka kwenye mashine huwa na moto wa kuunguza, na barabarani upepo hulipoza. Ndani ya chombo limezungukwa na mbao zilizonywa sifa na dizeli, pamba ya kalafati, na pengine gunia la karafuu lililosukumwa karibu kwa kukosa nafasi. Mashine za bahari huwa na koti la maji kuzunguka mahali moshi utokapo, na maji ya bahari yaliyokwisha kupoza huingizwa ndani ya bomba la moshi, yakatoka nayo nje, na bomba likawa baridi hata mpira maalumu wa moshi watosha. Lakini mahali maji yaingizwapo pawe baada ya kiwiko kilichoinuka juu kuliko usawa wa maji nje, na bomba literemke kutoka hapo. La sivyo, siku mashine itakapozimwa na wimbi likapiga tezi, bahari itarudi kwa njia ya moshi na kuingia ndani ya silinda. Asiyeweza gharama hii na apandishe bomba kavu juu wima, alifunge kwa utepe wa nyuzi za kioo usiopitisha joto, na aliache mbali na mbao pande zote. Zile kamba za zamani za asbesto msizitumie, hata mkipewa bure; vumbi lake huharibu mapafu. Na bomba lisivuje, kwani moshi wa mashine una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mabaharia hulala chini.

Sasa nguvu. Mwanachama mmoja ametuandikia kuwa amepata mashine ya farasi 90 na ataka mashua yake ishinde boti la jirani. Twamjibu hapa kwa faida ya wote. Chombo cha mbao chenye tumbo, kibebacho mzigo, kina ukomo wa mwendo usiopitwa kwa nguvu. Hesabu yake kila aliyekwenda skuli ataiweza. Twaeni urefu wa chombo pale kikatapo maji, kwa futi. Tafuteni kipeuo chake cha pili. Zidisheni kwa 1.34. Mashua ya futi 25 majini, kipeuo chake ni 5, na jibu ni 6.7. Hizo ndizo maili za bahari kwa saa, na baada ya hapo kila tone la dizeli lachimba shimo katika maji na kuinua wimbi tu. Kwa kiasi, farasi watatu au wanne kwa kila tani ya chombo na mzigo wake wakitosha sana. Mashua ya tani 8 haihitaji farasi 90. Yahitaji farasi 30 wasiochoka.

Na kutochoka ndiyo shida ya mashine ya gari. Barabarani hufanya kazi kidogo na kupumzika kingi: yapanda kilima, yateremka, yasimama kituoni. Chombo ni kupanda kilima kisichokwisha, saa sita au nane, bila ya mteremko. Mashine iliyoandikwa farasi 80 kwenye mizunguko 4,000 msiitoze mizunguko hiyo baharini; iendesheni kwenye 2,500 au chini yake, na itadumu. Hapa rafadha ndiyo ihukumuyo, kwa kuwa nguvu iitakayo hupanda mara 8 mizunguko ikiongezwa maradufu. Rafadha kubwa mno itaifanya mashine itoe moshi mweusi na kupata moto bila ya kufika mizunguko yake. Ndogo mno itaiacha ipige kelele bure.

Rafadha nzuri kwa chombo kizito ni pana na yazunguka polepole, kwa hivyo hutakiwa gia ipunguzayo mizunguko mara mbili au tatu. Gia kubwa ya gari haipunguzi kitu, au hupunguza kidogo tu, na gia ndogo hazikuundwa kwa kazi ya mchana kutwa. Lakini kuna kasoro iliyofichika zaidi. Rafadha ikisukuma maji nyuma yaisukuma shafti mbele, na nguvu yote iendeshayo chombo hupita katika ncha ya shafti hiyo. Giaboksi ya gari iliundwa kuzungusha, haikuundwa kusukumwa. Giaboksi ya bahari ina beringi ya msukumo ndani yake. Asiyekuwa nayo atie beringi hiyo peke yake juu ya shafti, ifungwe katika mataruma ya chombo na siyo katika mashine. Katika mashua ile ya mkopo wetu, baada ya kufungua, tulikuta hata beringi za mtaimbo zimeliwa upande mmoja. Hata kama bahari isingeitoboa, isingemaliza mwaka wa pili.

Mashine pia hulazwa kwa mteremko kufuata shafti, na bakuli la mafuta la gari liliundwa kukaa sawa. Ukilaza sana, mafuta hukimbilia nyuma na pampu ikanyonya hewa. Peleleza bomba la kunyonyea liko mwisho gani kabla ya kuchonga vitako.

Tumefika kwenye petroli, na hapa hatutasema kwa upole. Kati ya maombi manne, moja ni la mashine ya petroli, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari humwagika chini barabarani na upepo ukauchukua. Katika mashua hauna pa kutokea. Hushuka ngamani na kukaa pale pamoja na maji machafu, usionekane. Staata ya gari hutoa cheche. Alteneta hutoa cheche. Kabureta ya gari ikifurika humwaga petroli nje, na pampu yake ngozi ikipasuka huvujia nje, kwa sababu katika gari nje ni barabara. Huko Marekani sheria ya usalama wa maboti ya mwaka 1971 ilizaa kanuni kuwa vifaa vya umeme vilivyo pamoja na mashine ya petroli ndani ya chombo viwe vya namna isiyoweza kuwasha mvuke, na chumba cha mashine kiwe na hewa ya kukipuliza. Vifaa vya gari havina sifa hiyo, ijapokuwa kwa macho ni sawasawa kabisa. Mashine za petroli zifungwazo nje, tezini, ni jambo jingine, kwa kuwa mvuke wake huenda na upepo. Ya ndani ya chombo, kwa petroli ya gari, rai yetu kwa halmashauri ni kukataa. Mwombaji ni rafiki yetu, na tumekwisha kumwambia kwa mdomo.

Katika dizeli nazo, tafuteni zile za zamani zisizokuwa na kompyuta, ambazo pampu yake ya dizeli ni chuma kitupu. Mashine za siku hizi ni nzuri na hula kidogo, lakini nyaya zake nyembamba na vipimo vyake vya umeme havipatani na hewa ya chumvi, na ikizima katikati ya bahari hakuna nyundo wala spana itakayoisemesha. Nyaya za umeme ziwe mbili, ya kwenda na ya kurudi, msitumie chuma cha mashine kuwa njia ya kurudi kama katika gari. Na kipande cha zinki kifungwe karibu na rafadha, kiliwe kwanza kabla ya shaba.

Kuhusu gharama, tumefungua daftari ya mkopo ule wa miaka mitatu nyuma. Katika kila shilingi 100 zilizotoka, 30 tu zilinunua mashine. Nyingine zilikwenda katika shafti, rafadha, mbao na ujira, na hata hivyo kipozeo hakikununuliwa wala beringi ya msukumo. Lau vingalinunuliwa, mkopo ungalizidi kwa kama robo, na mashua ingalikuwa yafanya kazi hivi sasa. Mwenye kuleta hesabu ya bei ya mashine peke yake ameleta chini ya theluthi ya hesabu.

Basi waombaji wote wanne twawaomba warudi ofisini siku yoyote asubuhi isipokuwa Ijumaa. Karatasi ya maombi imebadilishwa. Sehemu ya pili sasa ni ya fundi kuijaza na kutia sahihi: mashine itapozwa vipi, moshi utatokea wapi, msukumo utashikwa na nini, na uzito wa chombo na mzigo ni tani ngapi. Katika sehemu ya tatu kuna mstari mmoja ambao mzee wetu nahodha ndiye aliyetaka uandikwe, nao wauliza kama mlingoti na tanga vitabaki chomboni. Yeye mwenyewe amekubali kwenda kuziangalia mashua hizo kabla ya fedha kutoka, kwa nauli na chakula tu. Atakayemtaka atupe khabari siku tatu mbele.